Mto Nairobi unalisha watu wangapi kweli? Nisaidieni hesabu kabla ya Alhamisi

MicheMtaani

Wadau habari zenu. Niko na swali na naomba mtu asipite tu.

Sisi ni kikundi cha vijana kumi na wanne hapa upande wa Korogocho, tuko na nasari ya miche kando ya Mto Nairobi tangu 2017. Tunauza miti ya kivuli, maua, ovakado za kupandikiza, na mvua ikikaribia watu wanakuja kuchukua miche ya sukuma na spinachi kwa mamia. Maji yote ni ya mto. Tumechimba kisima kifupi hapo kando, maji yanajichuja kwa mchanga kidogo ndio tunachota na ndoo, asubuhi na jioni, na tangu hiyo 2017 hatujawahi kununua hata mtungi mmoja. Sasa wiki iliyopita tumeitwa baraza tukaambiwa mto unasafishwa na kila mtu aliye ndani ya mita 30 ajipange, lakini kabla uamuzi upite kuna kikao cha kutoa maoni Alhamisi ijayo na kila kikundi kilete karatasi inasema mto unawaletea nini. Kipesa. Hapo wamesisitiza.

Mimi ndio katibu kwa hivyo karatasi ni yangu, na nimekaa nayo siku tatu. Hesabu ya nasari si ngumu, tuko na daftari, mwezi mzuri tunabaki na elfu arobaini hivi baada ya kutoa karatasi za kupandia na mbolea, mwezi mbaya elfu kumi na mbili. Shida ni nikiandika hiyo peke yake tutaonekana watu kumi na wanne wamesimama mbele ya jiji la watu milioni 4.4. Na si kweli ati ni sisi tu. Juzi nilianza kutembea kutoka Gikomba nikifuata maji, nikaona wale wanaosha plastiki waende kuziuza kwa kilo, wanaokata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, wanaofuga nguruwe, vijana wa kuosha magari, wamama wa nduma, nikaacha kuhesabu kabla sijafika Dandora.

Kitu iliniuma zaidi ni mzee mmoja kwa baraza alisimama akasema huo si mto, ni mtaro, na mtaro hauna thamani. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza juu sikuwa na jibu.

Kwa hivyo naomba: mto kama huu unahesabiwa vipi? Nani anafaa kuwa ndani ya hiyo hesabu? Na kama unaishi chini ya huu mto, Machakos, Makueni, hata huko unakomwagika baharini, niambie unakufanyia nini, mazuri na mabaya. Nikienda Alhamisi sitaki kunyamaza tena.

---

MamaNduma_Njiru

Kijana wangu umenigusa. Mimi niko Njiru, nalima kando ya hiyo mto tangu 1998, nduma chini kabisa kwa tope na sukuma hapo juu kidogo. Robo ekari. Shamba si langu, namlipa mwenyewe kila mwaka. Nimesomesha watoto watatu na hiyo robo, wa mwisho amemaliza chuo mwaka jana, na mimi sijawahi kuandikwa kazi mahali popote.

Sasa nikuambie venye pesa ya mto inakuja, juu naona hata wewe hujaiweka. Mvua ikinyesha mimi na mtu wa Kiambu na mtu wa Limuru wote tuko na sukuma, bei inaanguka, gunia unauza ukilia. Pesa yangu mimi ni Januari mpaka Machi. Hapo wale wa kungoja mvua hawana kitu, soko iko na njaa, na mimi niko na maji. Gunia lile lile linaenda mara mbili, saa zingine mara tatu. Miezi mitatu ndio inanilipia karo, hiyo mingine ni ya kula tu. Kwa hivyo ukiandika uandike kiangazi, usichukue mwaka mzima ugawanye na kumi na mbili, utapotea.

Na usinihesabu mimi peke yangu. Kuna kijana wa kupalilia namlipa mia tano kwa siku, kuna mwenye mkokoteni, kuna mama wa Kariobangi anayechukua gunia na kufunga mafungu ya kumi na ya ishirini, na kuna yule anayenunua fungu la kumi saa moja jioni ndio watoto wake wale. Huyo naye anakula mto. Sukuma ikitoka mbali na lori haimfikii kwa kumi.

Lakini andika pia hii. Aprili 2024 mto ulikuja usiku ukabeba kila kitu, pampu, nduma, mpaka udongo wenyewe. Nilikaa miezi mitano bila kuvuna. Mto unapea na mto unachukua na mimi nimeona yote mawili.

---

Mwana_wa_Mathare

Mama shikamoo, na samahani kwa ninalotaka kusema, sisemi juu yako.

Mimi ni muuguzi, nimezaliwa bondeni Mathare, ambako Mto Mathare unateremka kuingia huu wenu, kwa hivyo huu mto naujua tangu nikiwa mtoto. Ndugu katibu, usipeleke karatasi ya faida peke yake. Watafiti wamepima mboga za kando ya mito ya Nairobi mara nyingi na wamepata madini ya sumu, risasi na kadimiamu, na hayo hayaoshwi na maji ya mfereji, mboga yenyewe imeyanywa. Mto Ngong unapita Kibera na katikati ya Industrial Area, eneo la viwanda, kabla ya kuungana na huu wenu kule chini, Dandora jaa lilianza 1975, likatangazwa limejaa 2001, na mpaka leo takataka inamwagwa hapo na mvua ikinyesha inateremka kwa mto. Halafu mvua kubwa ya kwanza ikipiga, zahanati inajaa watoto wanaohara, kila mwaka, hata hatuhitaji kalenda.

Mzazi akikaa na mtoto siku nne anapoteza kibarua cha siku nne, dawa, nauli, maji ya kuchemsha, makaa. Hiyo ni pesa ya mto pia. Iko upande wa kutoa. Nani anaiandika?

Na sisemi mto hauna thamani. Mzee wa baraza amekosea. Nasema mtu akikupa hesabu yenye upande mmoja usiikubali, hata kama upande huo ni wako.

---

MamaNduma_Njiru

Mwanangu marahaba. Umesema ukweli na sijakasirika. Lakini hayo madini si mimi niliweka. Mimi nilikuta maji yanapita, nikalima. Mwenye kuyaweka ako na geti na mlinzi na hakuna mtu anamuitisha karatasi ya Alhamisi.

---

FundiMaji

Nimefanya kazi za maji karibu miaka ishirini na hii mada iko karibu na roho yangu, kwa hivyo mnivumilie itakuwa ndefu.

Kwanza mjue maji mnayogombania yametoka wapi. Mto Nairobi unaanzia Ondiri, Kikuyu, ile kinamasi ukikanyaga chini kunatikisika, na huko juu maji ni safi, ndio Wamaasai waliita Enkare Nairobi, maji baridi. Lakini nenda ukaangalie mto wa Ondiri mwezi wa pili, ni kamkondo. Sasa mbona ukifika Ruai ni mto mkubwa? Ni sababu ya bomba. Maji mengi ya kunywa ya Nairobi yanatoka Ndakaini kule Murang'a, bwawa lilimalizwa 1994, linabeba kama mita za ujazo milioni 70, lingine ni Sasumua. Hayo ni maji ambayo kwa asili yangeteremka kwa mto Tana. Sisi tunayakamata, tunayaleta jijini, tunaoga, tunapika, tunafua, tunaflashi choo, yanaingia kwa mabomba ya majitaka, yanaenda mabwawa ya kusafisha majitaka ya Ruai ambayo ndiyo makubwa zaidi nchini, ama yanavujia mtoni kabla ya kufika, na yote yanaishia Mto Nairobi, kisha Mto Athi. Yaani jiji linachukua maji kwa mto mmoja na kuyatapika kwa mwingine. Kiangazi sehemu kubwa ya maji anayolimia Mama pale Njiru yalipita kwanza kwa bafu na jikoni za watu wa Nairobi.

Kwa nini nasema hivi? Sababu mto wenu si zawadi ya bure tu na si mtaro tu. Ni mali ya watu wa Murang'a, wa jiji, na wa huko chini, kwa pamoja, na kila mmoja amefanya kitu kwa hayo maji kabla ya kumpa mwenzake.

Sasa hesabu. Katibu, kuna njia ya wataalamu na kuna ya daftari, na mimi nakushauri ya daftari lakini kwa kurasa tatu.

Ukurasa wa kwanza umeshafanya, pesa inayobaki mfukoni baada ya gharama. Weka na ya Mama hapo, weka na ya mkokoteni.

Ukurasa wa pili ndio watu husahau, jiulize mto ukifungwa kesho maji ungetoa wapi na kwa bei gani. Nyinyi mnamwagilia mitungi mingapi kwa siku? Tuseme mia moja. Kwa kioski mtungi ni shilingi tano, hiyo ni mia tano kwa siku, siku ishirini na sita ni elfu kumi na tatu. Umesema mwezi wako mbaya ni elfu kumi na mbili. Umekwisha. Na kukiwa na uhaba mtungi unafika ishirini, hiyo ni elfu mbili kwa siku, elfu hamsini na mbili kwa mwezi, hata mwezi wako mzuri hauwezi. Hapo hata mtu wa ofisi ataelewa bila kuelezwa. Nasari haiko kando ya mto kwa uvivu, nje ya mto hakuna nasari.

Ukurasa wa tatu ni wa muuguzi, hasara. Na huo usiishie Nairobi. Ufuate maji mpaka yanakoenda, maana hasara nyingi tunaisukuma chini kwa watu ambao Alhamisi hawatakuwa kwenye kikao.

Mfano mmoja wa mwisho ndio msiseme haya mambo hayahesabiki. Huko juu Tana, 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wakulima wanasaidiwa kuchimba matuta, kupanda nyasi za kuzuia udongo, kuweka vidimbwi vya maji ya mvua, ili tope lisijaze mabwawa. Kabla waanze walipiga hesabu wakasema dola milioni 10 zikiwekwa huko zinaweza kurudisha milioni 21.5 ndani ya miaka 30, kwa mavuno bora, umeme, na gharama ndogo ya kusafisha maji. Kwa hivyo kwa mto tunaokunywa tumekaa chini tukahesabu mpaka senti. Kwa mto tunaomwagia uchafu wetu hakuna aliyekaa. Hii inaniuma kila siku.

---

MkulimaAthi

Nimesoma yote. Mimi niko Makueni, upande wa Kibwezi, ekari mbili kando ya Athi. Mimi ndio ule ukurasa wa tatu.

Nalima mabenda, pilipili, tikiti, vitunguu. Huku kwetu mvua ni ya kubahatisha, msimu mmoja unapata, miwili unakosa. Mtu aliye na shamba la Athi na pampu ni mtu tofauti na ndugu yake aliye juu mlimani, mmoja anaweza kukopeshwa na duka la dawa na mbegu, mwingine hawezi. Hiyo ndiyo thamani ya mto kwangu, naaminika. Muuza mbegu ananipa mzigo bila pesa juu anajua nitavuna.

Lakini sikilizeni. Miaka michache iliyopita tulikuwa wakulima kumi na kitu tunauzia mnunuzi mmoja wa kupeleka ng'ambo, mabenda na pilipili. Bei nzuri, analipa kwa kilo, gari linakuja shambani. Siku moja wakaja wakapima maji tunayomwagilia. Wiki mbili baadaye gari halikuja. Tukaambiwa maji hayafai. Mabenda hayangoji mtu, siku tatu yamekomaa sana hayauziki, tukapeleka sokoni Kibwezi na Mtito tukauza chini ya theluthi moja ya ile bei. Wengine walirudi kuchoma makaa. Mimi nilikaa, lakini deni la pampu nililipa kwa kuuza ng'ombe wawili.

Katibu andika hiyo. Hao ng'ombe wawili waliliwa na uchafu wa Nairobi.

Na kuna Thwake. Ujenzi ulianza 2018, mpakani mwa Makueni na Kitui, pale Mto Thwake unapoingia Athi, bwawa la mita za ujazo milioni 688, la kunywa, la kumwagilia na la umeme. Sisi tumelingoja hilo bwawa tangu tukiwa watoto. Mkaguzi Mkuu wa Serikali ameshaonya kwamba maji yanayoingia yana sumu kutoka juu. Fikirieni, mabilioni yamewekwa kujenga chombo cha maji, na usafi wa hayo maji unaamuliwa na mtu wa Industrial Area anayefungua bomba usiku.

Sina ugomvi na mama wa Njiru wala na nasari yako, kunyweni mto, sisi pia tunakunywa. Mimi nataka tu mkikaa kikao huko mkumbuke mto haukomi Ruai.

---

KijanaWaReki

Mimi niko kwa ile kazi ya kusafisha mto, reki na gambuti, nalipwa kwa siku. Kwa hivyo nami nakula mto, niweke kwa ukurasa wa kwanza. Ila nikwambie ukweli, Jumatatu tunatoa takataka malori, Alhamisi imerudi pale pale. Inateremka kutoka mitaani, sababu hakuna anayekuja kuchukua taka kwa nyumba za watu. Ukisafisha mto bila kusafisha mlango wa mtu unalipwa kila wiki kwa kazi ile ile. Mimi nashukuru kibarua lakini ningependa siku moja niwe nimemaliza.

---

Sabaki_Kaskazini

Salaam aleikum ndugu zangu wa bara. Nawasoma kutoka Malindi, na nimefurahi mtu amekumbuka kuuliza.

Mto wenu kwetu una jina jingine. Ukishaingia Athi na kupokea Mto Tsavo unaitwa Galana, ukikaribia bahari unaitwa Sabaki, unamwagika kaskazini kidogo ya mji. Ni mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana, na maji yanayotufikia ni yale yale ya kwenu.

Thamani yake? Anzeni na kikombe cha maji. Kule Baricho kuna visima vimechimbwa kwenye mchanga wa mto, na ndivyo vinavyoinywesha Malindi, Kilifi, na sehemu ya Mombasa. Mchanga ndio unaotuchujia. Mtoto wa Kisauni, Mombasa, akifungua mfereji huenda anakunywa maji yaliyopita Machakos. Kabla ya kufika huko Baricho kuna shamba la Galana Kulalu nalo linavuta maji ya mto huu huu kwa mahindi.

Halafu bahari. Wavuvi wa kamba wa ghuba ya Malindi na Ungwana wanajua, mito miwili, Tana na Sabaki, ndiyo inayolisha kamba. Mto ukileta maji na rutuba kwa kiasi, kamba wako. Usipoleta, nyavu zinarudi tupu. Mwenyewe ni mtembeza wageni mlangoni mwa mto, nawapeleka kuona viboko na ndege, heroe wakiwepo na wale ndege wa kuhamahama wanaotoka Ulaya, na siku ya wageni sita narudi nyumbani na kitu cha kuwapa wanangu. Hoteli hainipi hiyo pesa. Ni mto.

Sasa ubaya. Udongo. Mvua ikinyesha bara bahari yetu inageuka nyekundu mpaka mbali. Wazee wetu wanasema zamani maji yalifika karibu kabisa na mji, leo ufuo umejaa mchanga, bahari imesukumwa mbali, kuna mahoteli yaliyojengwa ukingoni mwa bahari na sasa mgeni atembee mchangani kabla ya kulowa mguu. Hifadhi ya bahari ya Malindi ni ya tangu 1968, matumbawe yale yametuletea watalii, na matumbawe hayapendi tope. Huo udongo ni shamba la mtu. Kuna mkulima Machakos au Kiambu amepoteza udongo wake mzuri, na mvuvi na mtembeza wageni wa huku wamepokea kitu wasichokitaka. Wote wawili tumepata hasara kwa kitu kimoja, na hatujawahi kukutana hata siku moja.

Ndugu yangu MkulimaAthi, pole kwa ng'ombe wako.

---

Mwana_wa_Mathare

@Sabaki_Kaskazini asante kwa hilo la Baricho, sikulijua na nimekaa nalo. Yaani ile haja ya choo inaingia mtoni hapa bondeni kwetu sababu ploti nzima ina choo kimoja cha kulipia, shilingi kumi kila ukiingia, mtoto hana kumi, anaenda mtoni. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya maji safi na usafi wa kufaa. Ukijengea bonde vyoo umemfaidi mtu wa Mombasa. Hiyo weka pia katibu, kwa maandishi makubwa.

---

MicheMtaani

Wadau. Nimesoma haya yote mara mbili, mara ya pili nikiwa nasarini na simu kwa mkono na vijana wamekaa wakinisikiliza nikisoma kwa sauti. Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Nimeamua hivi na mniambie kama nimekosea.

Tutaandika kurasa tatu kama FundiMaji alivyosema. Ya kwanza nimeanza, jana jioni nimezunguka kutoka daraja letu hadi kwa wanaosha plastiki, nikauliza kila mtu anabaki na ngapi, bila jina kwa yule hataki. Watu mia moja na tisa mpaka sasa, na ni ng'ambo moja tu ya mto na hata sijafika Njiru. Ya pili nimehesabu mitungi yetu, si mia moja, ni mia na thelathini kiangazi. Ya tatu ni ya muuguzi, ya ng'ombe wawili wa Kibwezi, na ya ufuo wa Malindi.

Halafu kuna jambo tumekubaliana kama kikundi na halikuwa rahisi, kulikuwa na kelele. Kama mita 30 ni za kupanda miti na kuzuia udongo, sisi tutarudi nyuma. Kweli. Lakini tunataka vitu viwili viandikwe. Kwanza njia ya kufikia maji ibaki, juu mmeona hesabu ya mtungi. Pili miche ya kupanda hizo mita 30 inunuliwe kwetu na kwa nasari zingine za kando ya mto, si iletwe na lori kutoka mahali pengine. Tuko na mianzi tayari, miche mia nane. Na kama sisi wa ndoo tunarudi mita 30, basi bomba la yule wa geti na mlinzi nalo lipimwe, sababu huwezi kuondoa miche uache sumu. Hilo nitalisema nikiwa nimesimama.

MkulimaAthi, naweza kupata bei ya kilo ya mabenda kabla na baada? Si lazima jina la mnunuzi, bei tu na mlikuwa wakulima wangapi. Ukiweza nitumie sauti, dakika mbili, nitaicheza hapo kikaoni ndio wakusikie wewe mwenyewe na si mimi nikikuongelea.

Mama wa Njiru, kikao ni saa nne asubuhi, ukumbi wa chifu. Nauli tutachanga.

---

MkulimaAthi

Walikuwa wakilipa 60 kwa kilo. Soko la Kibwezi tuliuza 18, wengine 15. Tulikuwa kumi na wawili, saa hizi wamebaki watano kando ya mto. Sauti nitarekodi leo usiku pampu ikizimwa, mchana kuna kelele.

---

FundiMaji

Katibu, hilo la miche ni zuri, lisukume. Na usisahau kuuliza kama kikundi chenu kinaweza kuingia kwa chama cha watumiaji maji cha sehemu hiyo, sheria ya maji ya 2016 inavitambua. Mkiwa ndani mtaitwa kabla ya uamuzi, hamtaitwa tu kuambiwa mjipange.

---

MamaNduma_Njiru

Nauli niko nayo. Nitakuja na wenzangu wanne wa nduma. Lakini wewe uandike majina yetu, sisi hatutaki kuandikwa bila jina. Tumelima hapo miaka hii yote na hakuna karatasi hata moja iko na jina letu.